Njia ya Kwenda kwa Kina Chelimo

Mzee Kipyego alikuwa ametupa siku moja tu. Jumamosi ya pili ya Julai, mwaka wa themanini na sita. Alimtuma dada yake, Jemutai, aje mjini kutuambia kwamba ndugu zake watano wangekaa kuanzia saa tano asubuhi, wasikilize hao watu wa Eldoret wanataka nini na binti yake. Kama tusingefika, hangewakusanya wazee mara ya pili kwa jambo hilo hilo. Kulikuwa na familia nyingine, watu wa Soy, waliokuwa na kijana mwalimu aitwaye Kipkorir, na wao walikuwa wakingoja jibu lake tangu Pasaka.

"Na njia?" nilimuuliza Jemutai.

"Hiyo hakusema. Alisema anayetaka binti ya mtu atauliza njia mwenyewe."

Nikacheka. Nilikuwa na haki ya kucheka, maana njia nilikuwa nayo mfukoni, imeandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi ya daftari la shule. Aliyeniandikia ni Chelimo mwenyewe, kinyume cha neno la baba yake, na aliyeniletea ni huyo huyo shangazi aliyekuwa amekaa mbele yangu akijifanya hajui kitu.

Nilikuwa na studio ya picha nyuma ya soko. Chelimo aliingia pale siku moja kutafuta picha ya kipande, yaani kitambulisho, amevaa sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Nilimwambia ainue kidevu kidogo. Akakiinua, akanitazama moja kwa moja, na mimi, fundi wa miaka sita, nikasahau kubonyeza.

"Fundi, umelala?" aliniuliza.

Nililala kweli, na niliamka mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, kule Kaptagat, kwenye matope. Hayo ndiyo nataka kuwasimulia.

Nyumbani kwetu Langas vita vilikuwa vimepiganwa vikaisha. Mama yangu, Waithira, alilia wiki nzima, halafu akaomba aonyeshwe picha ya msichana, akaitazama, akasema angalau ana macho ya mtu mwenye adabu. Baba hakulia. Baba ni Macharia wa duka, mtu ambaye hata mteja akimpigia kelele yeye huendelea kupima sukari. Aliniuliza swali moja tu: "Kwetu wasichana wameisha?" Kisha akakaa miezi mitatu bila kulitaja jina la Chelimo. Alipokubali hatimaye kwenda kuposa, alikubali jinsi mtu anavyokubali kung'olewa jino.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Ndugu ya baba, Mzee Kinyanjui, aliendesha ile Datsun pickup yake. Baba na mama walikaa mbele pamoja naye, mimi nikakaa nyuma na sukari, majani chai na blanketi mbili za mamake Chelimo, nimezifunika kwa nailoni. Karatasi niliishika mkononi ingawa nilikuwa nimeikariri.

"Fuata barabara ya Kaptagat," Chelimo alikuwa ameandika. "Ukishapita kanisa la mabati, angalia mkono wa kulia. Utaona majukwaa ya maziwa, lakini usikate. Ya kwetu ni ile imejaa mikebe mpaka mingine iko chini kwa nyasi. Hapo ndipo unakata. Sisi ni nyumba ya nne. Usipotee, Nderitu. Nitavaa nguo ya samawati."

Kama hujawahi kufika upande ule, jukwaa la maziwa ni mbao tu juu ya miguu minne, kando ya barabara. Wakulima huweka hapo mikebe yao, kisha lori huja kuichukua. Chelimo alikuwa akipeleka maziwa kwenye jukwaa lao kila siku alfajiri tangu akiwa na miaka kumi.

Tulipita kanisa la mabati. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nguzo za ua. Jukwaa la kwanza lilikuwa tupu, la pili tupu. La tatu lilikuwa kubwa kidogo na lilikuwa tupu vilevile. Tukapita la nne, la tano, la sita, nami nikiwa nimesimama nyuma nimeshikilia kichwa cha gari, natafuta mikebe yangu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa hata nimeanza kujifunza jinsi nitakavyowaamkia wale wazee watano.

Jukwaa la saba lilikuwa na mikebe. Tisa juu, miwili chini kwenye nyasi.

"Hapa!" nilipiga paa la gari. "Kulia, Mzee Kinyanjui, kata kulia!"

"Una hakika?"

"Kama jina langu!"

Nyumba ya kwanza tuliiona, na ya pili. Ya tatu ilikuwa banda la mahindi, tukaihesabu kwa sababu tuliitaka. Ya nne haikuwepo. Mbele yetu kulikuwa na msitu wa serikali, ile miti ya mbao iliyopandwa kwa mistari, mstari huu ukiwa sawa na ule, na njia za matrekta zikikatana kila baada ya hatua mia. Nikawaambia labda nyumba ya nne iko ng'ambo ya miti, twende tu. Wahenga walisema penye nia pana njia, lakini wahenga hawakupita Kaptagat mwezi wa saba. Tulikata kushoto, tukakata kulia, tukarudi, na kila tuliporudi palikuwa si pale tulipotoka. Saa tano ilitukuta humo. Saa sita ilitukuta gari limezama tope hadi ekseli.

Baba alishuka akiwa amevaa suti yake ya harusi za kanisani. Akakunja suruali, akavua viatu, akaweka mabega kwenye gari. Tulisukuma, mama akikata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu. Hakuna aliyenilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwanamke aliyebeba kuni akatokea kwenye miti. Baba akamkimbilia peku.

"Mama, hujambo? Tunatafuta kwa Mzee Kipyego."

"Kipyego yupi?"

"Mwenye ng'ombe."

Akamtazama baba kwa huruma. "Huku kila mtu ana ng'ombe, Mzee. Yeye ni wa ukoo gani?"

Baba akanigeukia. Mimi sikujua. Nilijua Chelimo hapendi chai yenye tangawizi, nilijua ana kovu dogo nyuma ya sikio, ukoo wa baba yake sikuwahi kuuliza.

"Ana binti anaitwa Chelimo," nilisema.

"Hao nao ni wengi." Akatua kuni, akatuonyesha kwa mkono. "Rudini kwa barabara. Fuateni hii mpaka muone mti umeanguka, halafu mtelemke. Hapo mtapata mtu wa kuuliza."

Tulitokea barabarani saa tisa na nusu, pale pale kwenye jukwaa la mikebe. Mzee mmoja alikuwa akipakia mikebe kwenye mkokoteni wa punda. Nilishuka nikamuuliza kwa nini lori halijaichukua mpaka sasa.

"Lori?" akasema. "Lori ilipita saa mbili, kijana, kama kila siku. Hii ni yale maziwa wamekataa. Imechacha. Ikishapita lori huwezi kuona mkebe kwa hii barabara mpaka kesho asubuhi."

"Na jukwaa lile kubwa, lililojaa mpaka mikebe mingine inawekwa chini?"

"Hiyo ni ya tatu kutoka kanisa. Ya kwa kina Kipyego. Mmeipita."

Nilielewa yote kwa mara moja, na nilitamani nisielewe. Chelimo alilijua jukwaa lile la saa kumi na mbili asubuhi tu. Akishaweka maziwa hugeuka kurudi kupika chai, na mchana akiwa na safari hupita njia ya mkato ya mtoni. Kwake yeye jukwaa lao lilikuwa limejaa siku zote za maisha yake. Nami nilikuwa nimesoma ile karatasi mara hamsini kwa ajili ya mwandiko wake, wala halikunijia wazo kwamba maziwa huondoka.

Mzee Kinyanjui alikuwa amesikia. "Kumbe ni yule msichana ametupoteza," alisema.

"Endesha," baba akamwambia.

Tulifika saa kumi. Wazee wawili tulikutana nao langoni wakitoka, fimbo mkononi na makoti mabegani. Watatu walikuwa wameshaondoka. Wale wawili walitutazama tope letu, wakapita kando ya gari bila kutuamkia, wakashika njia ya mtoni.

Mzee Kipyego alikuwa amesimama uwanjani. Alitupa mkono sote, mmoja mmoja, akaagiza mama yangu aletewe kiti. Viti vingine vilikuwa bado vimepangwa chini ya mti wa mparachichi, na juu ya meza palikuwa na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, na vikombe vilivyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Chelimo alisimama kwenye mlango wa jikoni, kando ya shangazi yake. Alikuwa amevaa ile nguo ya samawati. Macho yake yalikuwa mekundu, na aliponiona alifanya kitu ambacho hadi leo kinaniuma: alitabasamu. Alidhani kufika kwetu kumetosha.

"Mzee," baba alianza, akiwa bado amesimama, "tumepotea. Siku nzima tuko ndani ya hii msitu yenu. Angalia suruali yangu."

"Naiona."

"Mimi sijazoea kuomba mtu. Mimi ni mtu wa duka, watu ndio huja kwangu. Lakini leo nakuomba. Ita wale wazee wawili warudi, hawajafika mbali. Hata wakikataa kusema kitu, wakae tu. Mimi nitasema."

Huyu ndiye aliyeniuliza kama wasichana wameisha kwetu. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, na nilishindwa kumtazama.

Mzee Kipyego alivitazama vile viti vitupu.

"Mzee Macharia, mimi na wewe hatuna ubaya," alisema. "Lakini sikiliza. Ndugu yangu mkubwa ametoka Kapseret na mguu mgonjwa. Amekaa kwa hiyo kiti tangu saa tano. Hiyo mursik hakuna mtu ameonja, kwa sababu ilikuwa yenu. Unajua aliniuliza nini akienda? Aliniuliza, 'Kipyego, hao watu walikuajiri lini uwangojee?' Mbele ya wadogo zangu. Mimi nilikuwa nawasemea ninyi mpaka saa tisa. Nilisema labda ni gari. Nilisema labda ni mvua."

"Ni njia," baba akasema.

"Njia." Mzee Kipyego akanigeukia. Mara ya kwanza kunitazama siku hiyo. "Nani aliwaelekeza?"

Chelimo alipeleka mkono mdomoni. Mzee Kinyanjui alinisogelea, akanong'ona, "Toa hiyo karatasi, kijana. Toa tuokoke."

Sina shaka ingetuokoa. Aibu ingetoka mabegani mwetu, wazee wangeitwa, wangetuhurumia, labda hata wangecheka. Lakini ingekwenda kutua mahali. Ingetua kwa msichana aliyevunja neno la baba yake na kuwakalisha baba zake wakubwa na wadogo siku nzima kwa mwandiko wake mwenyewe. Ningempata, pengine. Ningempata akiwa ameinamisha kichwa kwao maisha yake yote, na kila harusi, kila mazishi, mtu angesimulia tena.

"Hakuna mtu, Mzee," nikasema. "Nilidhani naijua njia."

"Ulidhani."

"Ndiyo."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza, Mzee."

"Na nilituma neno kwamba anayetaka atauliza." Alisema polepole, bila hasira, na hapo nikajua imekwisha. Akamwambia baba, "Umesikia mwenyewe. Kunyweni chai mpate joto. Watu wa Soy nitawajibu kesho tukitoka kanisani."

Mama yangu alianza kulia kimya kimya kwenye kile kiti chake. Mamake Chelimo alikuja akaketi kando yake, akamshika mkono. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha, basi wakakaa hivyo hivyo.

Jemutai ndiye aliyetupa zile dakika chache. Alimwita kaka yake amsaidie kumkamata ndama, na alipopita karibu nami akasema, "Nyuma ya ghala, kwa ua. Na msikawie."

Chelimo alikuwa amesimama karibu na ua wa kayaba, amejikumbatia kwa baridi. Nilitaka kumvisha koti nililokuwa nimelivua na kulishika, nikakumbuka limejaa tope.

"Asante hukusema juu ya barua," alisema.

"Ulifikiri ningesema?"

"Sijui. Nilifunga macho." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Baba amekataa. Nimemjua miaka ishirini na mbili. Akisema polepole hivyo harudi nyuma."

"Najua."

"Nderitu, nataka uniambie kitu kimoja, na uniambie ukweli. Ni mimi?"

"Ni wewe nini?"

"Niliandika vibaya? Tangu saa saba nairudia kwa kichwa. Kanisa, mkono wa kulia, jukwaa. Nikawa najiuliza labda niliandika kulia na ni kushoto. Shangazi ananiambia nisijisumbue." Alinishika mkono wa shati. "Kama ni mimi nimewapoteza, niambie. Lakini ujue sitaweza kuishi na hiyo. Nitaenda Soy na hiyo kwa roho yangu, nizae watoto wa mtu na hiyo kwa roho yangu, mpaka nife."

Alikuwa ameshasema Soy. Hakujisikia akilisema. Nilimtazama uso, ule uso ambao picha yake niliiosha kwenye giza la studio mara nyingi bila yeye kujua, nikaona kwamba kwenda atakwenda, na kwamba kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumpa ni mzigo mwepesi.

"Uliandika vizuri," nikamwambia. "Hata mtoto wa nasari angefika."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Alipumua. Niliiona pumzi ikitoka, na mabega yakishuka. Halafu uso wake ukabadilika.

"Sasa mbona mlipotea?"

Sikuwa nimejitayarisha. Mwongo mzuri hujitayarisha. "Tulichelewa kutoka," nikasema. "Tukaanza kukimbizana na saa, tukapita jukwaa bila kuangalia."

"Mlichelewa kwa nini?"

"Nilifungua studio kwanza."

"Ulifungua studio."

"Kulikuwa na watu wa harusi. Walinipa miadi tangu mwezi jana. Nikadhani nitawahi."

"Leo?"

"Chelimo—"

"Leo, Nderitu? Mimi nimeamka saa tisa usiku kukamua, ndio nipate kuoga, mikono isinuke maziwa ukifika. Nimekaa kwa hiyo mlango nahesabu magari. Na wewe ulikuwa unapiga picha harusi ya watu?"

Ningeweza kuukata uongo pale pale. Ulimi ulikuwa tayari.

"Niligombana na baba kwa sababu yako," alisema. "Nilikaa siku mbili bila kula. Aliniambia mtu wa mjini anapenda akiwa na nafasi. Nikamwambia hakujui. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie alisema kweli."

Hakunipiga, hakulia. Aliuachia mkono wa shati langu, akaunyoosha mahali alipokuwa ameukunja, kama dada anavyomfanyia kaka yake kabla ya kwenda shule. Kisha akarudi uwanjani kwa hatua za kawaida. Nilimwona akimfikia baba yake aliyekuwa ameshika ndama. Akamwambia maneno machache kwa lugha yao. Mimi katika maneno yale nilitambua moja tu, nalo ni Soy. Mzee Kipyego alimtazama binti yake, akaniangalia mimi, akaitikia kwa kichwa.

Tuliondoka bila kumaliza chai. Mvua ilikuwa imeanza, lakini baba alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma pamoja nami, mtu wa miaka hamsini na nane, akaketi kwenye nailoni akiegemea zile blanketi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzishusha. Tulipita kanisa la mabati kabla hajasema kitu.

"Nilikuwa nimeenda msalani," alisema. "Upande ule wa kayaba. Nimesikia hiyo maneno ya studio."

Nilitazama barabara ikikimbia nyuma yetu.

"Nderitu, leo nimekuja kukuamsha saa kumi na moja. Nimekukuta umekaa kitandani umevaa suti, viatu umefunga kamba. Umeniambia hukulala."

"Baba, nyamaza."

Macharia wa duka, ambaye sijawahi kumwona akinyamazishwa na mtu, aliivuta ile nailoni akanifunika mabega, akanyamaza mpaka Eldoret.